Miezi Sita Iliyogeuka Tarehe: Zana Mpya za Kuandikia Programu na Usalama wa Takwimu za Afya

Tuchukue mfano wa mama anayefika na mtoto mwenye homa katika zahanati moja jirani na Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Mhudumu anauliza umri wa mtoto, na mama anajibu kuwa ni miezi sita. Daftarini panaandikwa: 6/12. Kila mhudumu wa afya huisoma alama hiyo bila kusita kuwa ni miezi sita kati ya kumi na miwili ya mwaka. Mtoto wa miezi tisa huandikwa 9/12, na kichanga wa wiki mbili huandikwa 2/52. Mwandiko huu ni mfupi, umezoeleka kwa miaka mingi, na kwa binadamu aliyefunzwa hauna utata wowote.

Kompyuta haikupitia mafunzo hayo. Karani anapoandika 6/12 katika lahajedwali la kawaida, kwa mfano Excel, programu hudhani kuwa ameandika tarehe. Kompyuta iliyopangwa kwa utaratibu wa Uingereza itaifanya kuwa tarehe 6 Desemba, na iliyopangwa kwa utaratibu wa Marekani itaifanya kuwa tarehe 12 Juni. Kichanga wa 2/52 hupata mkasa mkubwa zaidi. Kwa kuwa hakuna mwezi wenye siku ya 52, programu huchukua 52 kuwa ni mwaka, na mtoto wa wiki mbili hugeuka kuwa tarehe 1 Februari 1952.

Makala haya yanaeleza jinsi kosa la namna hiyo linavyosafiri kutoka daftarini hadi katika maamuzi ya tiba, na jinsi viendelezi vipya vya vihariri vya msimbo, yaani zana wanazotumia watafiti kuandikia programu za kisayansi, vinavyosaidia kulinasa mapema. Yanaeleza pia mambo ambayo zana hizo haziwezi kuyafanya, ambayo yanabaki mikononi mwa mhudumu na kinywani mwa mgonjwa.

Kosa lenye kelele na kosa la kimya

Lahajedwali huhifadhi kila tarehe kama idadi ya siku zinazohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1900. Kwa hiyo 6/12 iliyoandikwa mwaka 2024 katika kompyuta ya utaratibu wa Uingereza huhifadhiwa kama namba 45,632, na 9/12 kama 45,635. Namba ya 1 Februari 1952 ni 19,025.

Tuseme wagonjwa ni watano: watoto watatu wenye umri wa 6/12, 9/12 na 2/52, mtoto wa miaka 3, na mtu mzima wa miaka 30. Wastani wao wa kweli ni takribani miaka 6.9. Lahajedwali likijumlisha namba zilizofichwa nyuma ya tarehe, litatoa wastani wa miaka 22,065. Hili ni kosa lenye kelele. Hakuna mganga mkuu atakayetia saini ripoti ya aina hiyo, na mtu atatumwa kwenda kutafuta chanzo chake.

Hatari kubwa imo katika kosa la kimya. Mchambuzi wa takwimu anaweza kuiambia programu iache kila kisichosomeka kama namba ya miaka. Hapo tarehe zote tatu huondolewa, na wanaobaki ni wawili tu, wa miaka 3 na wa miaka 30. Wastani unakuwa miaka 16.5. Namba hiyo inaonekana ya kawaida kabisa na haimshtui yeyote, lakini watoto wachanga wote watatu wametoweka katika hesabu. Si kwamba walipona au walifariki. Umri wao tu ndio ulioandikwa kwa namna ambayo mashine haikuielewa.

Athari yake katika huduma ni rahisi kuiona. Taarifa za wagonjwa wa nje katika mfumo wa MTUHA hugawanywa kwa makundi ya umri: chini ya mwezi 1, mwezi 1 hadi chini ya mwaka 1, mwaka 1 hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya 60, na miaka 60 na kuendelea. Kwa takwimu hizo hukadiriwa mahitaji ya chanjo, dawa na watumishi. Dawa mseto ya malaria hufungwa kwa vipimo tofauti kulingana na uzito wa mgonjwa, na pakiti ya mtoto mdogo si pakiti ya mtu mzima. Eneo ambalo watoto wake wadogo wamepotea katika takwimu litaonekana halihitaji dawa za watoto. Na programu inayochukua 1 Februari 1952 kuwa tarehe ya kuzaliwa itamweka kichanga wa wiki mbili katika kundi la wazee.

Mkasa huu umeonekana wapi?

Msomaji anaweza kudhani kuwa makosa haya ni ya zahanati ndogo zenye watumishi wachache. Sivyo. Jeni za binadamu hupewa majina ya kifupi, na baadhi ya majina hayo yalikuwa SEPT1 na MARCH1. Lahajedwali liliyachukua kuwa ni tarehe 1 Septemba na tarehe 1 Machi. Mwaka 2016, Mark Ziemann na wenzake nchini Australia walichapisha uchunguzi ulioonyesha kuwa takribani makala 1 kati ya kila 5 za kisayansi zilizoambatanishwa na majedwali ya jeni ya Excel ilikuwa na majina yaliyoharibiwa kwa njia hiyo. Hatimaye mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ilitangaza majina mapya: SEPT1 ikawa SEPTIN1, na MARCH1 ikawa MARCHF1. Wanasayansi waliona ni rahisi zaidi kubadili majina ya jeni kuliko kubadili tabia ya lahajedwali.

Mwaka huohuo, nchini Uingereza, matokeo ya vipimo vya UVIKO-19 yalikuwa yakipitishwa katika faili la lahajedwali la muundo wa zamani, ambao hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje bila onyo. Wagonjwa 15,841 wa kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 hawakuingia katika hesabu za kila siku kwa wakati, na kazi ya kuwatafuta watu waliokaribiana nao ilichelewa. Hilo nalo lilikuwa kosa la kimya.

Kwa nini umri wa miezi una uzito

Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imesimama kando ya Bonde la Msimbazi. Hapo ndipo ulipofanyika utafiti mmoja unaoonyesha vizuri thamani ya kuhesabu umri kwa usahihi. Profesa Julie Makani na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 1,725 wa selimundu kuanzia mwaka 2004 hadi 2009, na mwaka 2011 walichapisha matokeo. Katika kipindi hicho walifariki wagonjwa 86, sawa na vifo 1.9 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji.

Hesabu ya namna hii si ya kugawanya 86 kwa 1,725. Mgonjwa mmoja amefuatiliwa miezi minne, mwingine miaka mitatu, mwingine amehama na hakupatikana tena. Kila mmoja huchangia muda wake, muda huo hujumlishwa, kisha vifo hugawanywa kwa jumla hiyo. Kuifanya kwa mkono kwa wagonjwa zaidi ya elfu moja ni kualika makosa. Kwa hiyo watafiti huandika programu, yaani maelekezo ya hatua kwa hatua ambayo kompyuta huyafuata kwa kila mgonjwa bila kuchoka.

Matokeo mazito zaidi ya utafiti huo yalihusu watoto walio chini ya miaka mitano. Kwao vifo vilifikia 7.3 kwa kila miaka 100 ya ufuatiliaji, takribani mara nne ya kiwango cha jumla. Ugunduzi wa aina hii ndio unaotia nguvu hoja ya kuwapima watoto mapema na kuwaanzishia kinga. Utafiti ambao ungewapoteza watoto wa miezi kwa sababu ya mkwaju mmoja kati ya 6 na 12 usingeweza kuiona hatari hiyo. Ungeandika kwamba hali ni nafuu kuliko ilivyo, na ungeandika hivyo kwa nia njema kabisa.

Kihariri cha msimbo na viendelezi vyake

Lugha mbili zinazotumika sana katika programu za takwimu za afya ni R na Python. R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Python ilitolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Zote mbili hutolewa bure, na mwanafunzi wa Dar es Salaam anatumia zilezile anazotumia mtafiti wa London.

Maelekezo ya lugha hizo huitwa msimbo, na huandikwa ndani ya programu iitwayo kihariri cha msimbo. Kazi ya kihariri kwa mwandishi wa programu hufanana na kazi ya meza ya mshonaji kwa fundi cherehani: ndipo kitambaa kinapotandazwa, kupimwa na kukatwa. Kihariri kinachotumika sana kwa sasa ni Visual Studio Code, kilichotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2015, nacho pia ni cha bure. Chenyewe ni chepesi, na kila fani hukiongezea vifaa vyake. Vifaa hivyo ndivyo viendelezi. Mtu wa tovuti huweka vyake, na mchambuzi wa takwimu za afya huweka vyake.

Mambo mapya yaliyoongezwa katika miaka ya karibuni kwa ajili ya kazi za kisayansi ni mengi. Manne yanahusu moja kwa moja mkasa wa umri uliogeuka tarehe.

La kwanza ni kuziona data kabla ya kuzihesabu. Zamani mchambuzi aliandika maelekezo gizani. Data zilikuwa ndani ya faili, naye aliona matokeo tu. Mwaka 2023 Microsoft ilitoa kiendelezi kiitwacho Data Wrangler. Kiendelezi hiki hutandaza jedwali mbele ya macho, na juu ya kila safu huonyesha mambo machache: ni data za aina gani, yaani namba, maneno au tarehe, ni ngapi zinakosekana, na ni thamani ngapi zilizo tofauti. Katika mfano wa wagonjwa watano, mchambuzi ataona juu ya safu ya umri kwamba thamani 3 kati ya 5 zinakosekana, sawa na asilimia 60. Kosa la kimya limepewa sauti kabla halijafika katika ripoti. Posit, kampuni inayotengeneza RStudio, nayo ilianza mwaka 2024 kuonyesha hadharani kihariri kipya kiitwacho Positron, chenye dirisha la kukagua data kwa namna inayofanana na hiyo, kwa watumiaji wa R na Python.

La pili ni usafishaji unaoacha nyayo. Anayerekebisha lahajedwali kwa mkono hufuta seli moja na kuandika nyingine, na baada ya wiki mbili hata yeye mwenyewe hakumbuki alichobadili. Katika Data Wrangler mchambuzi huchagua kitendo kwa kubofya, kwa mfano kuondoa mistari iliyojirudia. Kiendelezi humwonyesha matokeo kabla hajakubali, kisha humwandikia msimbo wa Python unaotekeleza kitendo hicho. Faili la asili haliguswi. Kila uamuzi hubaki katika maandishi, na msimamizi, mwanafunzi au mkaguzi anaweza kuusoma na kuuhoji.

La tatu ni daftari la kidijitali. Mradi wa Jupyter, ulioanzishwa mwaka 2014 na ambao jina lake linatokana na lugha za Julia, Python na R, ulieneza namna ya kuandika ambamo maelezo, msimbo, majedwali na michoro hukaa katika ukurasa mmoja. Leo daftari hilo hufunguliwa ndani ya kihariri chenyewe kwa kutumia kiendelezi, pamoja na dirisha linaloonyesha kila kilichohifadhiwa katika kumbukumbu ya kompyuta wakati huo. Daftari hili lina mtego wake. Vipande vya msimbo vinaweza kuendeshwa bila kufuata mpangilio, cha tano kabla ya cha pili, na matokeo yaliyo mbele ya macho yakawa yametokana na hatua ambazo hazipo tena. Dawa yake ni moja: kabla ya kutoa ripoti, anzisha kompyuta ya hesabu upya na uendeshe daftari lote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Namba isiyorudi ilivyokuwa haifai kuchapishwa.

La nne ni historia ya mabadiliko. Kihariri hushirikiana na programu ya Git, iliyotungwa na Linus Torvalds mwaka 2005, na kuonyesha kwa rangi mstari wa zamani na mstari mpya uliochukua nafasi yake, pamoja na nani aliubadili na lini. Mhudumu wa afya hahitaji kuelezwa sana faida ya jambo hili. Katika faili la mgonjwa, neno lililokosewa halifutwi kwa kufichwa. Hupigwa mstari mmoja ili lisomeke, na mwandishi hutia saini na tarehe. Git hufanya vivyo hivyo kwa msimbo.

Msimbazi ni wapi? Saa mbili ni lini?

Umri si safu pekee yenye mitego. Mahali anapoishi mgonjwa ni safu nyingine. Neno Msimbazi lenyewe linatosha kuwa somo. Ni jina la mto unaoanzia milima ya Pugu na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Ni jina la bonde linalofurika mvua zinapozidi, kama ilivyotokea Desemba 2011. Ni jina la mtaa mkubwa wa Kariakoo. Na kwa mashabiki wa soka, Msimbazi ni Simba. Mgonjwa aliyeandikwa kuwa anaishi "Msimbazi" anaweza kuwa anatoka katika ghorofa la Kariakoo au katika nyumba iliyo kando ya maji. Kwa ugonjwa wa kuhara, tofauti hiyo ni kubwa.

Kariakoo nayo huandikwa kwa namna nyingi: Kariakoo, K/koo, K'koo, Karikoo. Binadamu huona mahali pamoja, kompyuta huona mahali panne. Katika mfano wa kubuni, wagonjwa 12 wa homa waliotoka Kariakoo katika wiki moja wanaweza kugawanyika kuwa 5, 4, 2 na 1, na hakuna kundi hata moja litakalovuta macho ya mtu yeyote. Dar es Salaam imepitia mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 na milipuko ya homa ya dengue ya mwaka 2014 na 2019, kwa hiyo haiwezi kumudu kuchelewa kwa sababu ya tahajia. Hapa ndipo idadi ya thamani tofauti juu ya safu inapofaa. Mchambuzi anayejua kuwa wagonjwa wake wametoka kata kumi, akaona kiendelezi kinamwambia kuna majina 43, anajua kazi yake haijaanza.

Jiji hili lina mtaji mzuri katika jambo hili. Mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi katika kuchora ramani ya mitaa, mifereji na majengo ya maeneo yanayofurika, na ramani hizo ziliwekwa wazi kwa kila mtu. Orodha moja ya majina ya mitaa iliyokubaliwa huiwezesha programu kulinganisha kila kilichoandikwa daftarini na kuonyesha kisichojulikana.

Kisha kuna saa. Mama anaposema maumivu yalianza saa mbili usiku, Mswahili yeyote anajua kuwa ni saa 20:00. Karani akiandika 2:00, programu itasoma saa nane za usiku. Muda kati ya kuanza kwa uchungu na kujifungua, au kati ya kufika hospitali na kupewa dawa, utapotoka kwa saa nyingi. Hakuna kiendelezi kitakachotambua kosa hili, kwa sababu 2:00 ni saa halali. Hapa ulinzi uko kwa mwandishi peke yake.

Akili mnemba na siri ya mgonjwa

Viendelezi vipya vinavyozungumzwa zaidi ni vya akili mnemba. GitHub Copilot, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2021, hupendekeza msimbo kadiri mtu anavyoandika, na vingine hupokea ombi kwa maneno ya kawaida. Kwa mtafiti aliyejifunza programu peke yake ukubwani, msaada huu ni wa kweli. Una mipaka miwili ambayo mhudumu wa afya hana budi kuijua.

Mpaka wa kwanza ni wa maana. Akili mnemba inaweza kuandika msimbo usio na kosa la lugha huku ukifanya jambo lisilofaa. Ikiombwa kuisafisha safu ya umri, inaweza kupendekeza kuondoa kila mstari usiosomeka, na hivyo kuwafuta watoto wachanga kwa ustadi mkubwa. Haijui kuwa 1 Februari 1952 alikuwa kichanga. Mwenye kujua ni yule aliyelisoma daftari.

Mpaka wa pili ni wa siri. Data Wrangler, Python na R hufanya hesabu ndani ya kompyuta yenyewe, na zikishawekwa zinaweza kufanya kazi hata pasipo intaneti. Huduma nyingi za akili mnemba hazifanyi hivyo. Kinachoandikwa au kufunguliwa mbele yake kinaweza kutumwa kwenye seva za kampuni husika, mara nyingi nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa binafsi nyeti. Jina la mgonjwa, namba yake ya simu na majibu yake ya vipimo havina nafasi mbele ya msaidizi wa aina hiyo. Anayehitaji msaada wa msimbo atengeneze jedwali la mfano lenye watu wa kubuni, aombe msaada kwa jedwali hilo, kisha auendeshe msimbo uliopatikana kwenye data halisi ndani ya kompyuta yake.

Nini kifanyike

Kwa mhudumu anayeandika daftari, 6/12 si kosa na hahitaji kuiacha katika maandishi ya kliniki. Taarifa zinapohamishiwa kwenye kompyuta, umri ugawanywe katika safu mbili: ya kwanza namba, ya pili kipimo, yaani siku, wiki, miezi au miaka. Tarehe ya kuzaliwa ikijulikana iandikwe pia, kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Saa iandikwe kwa mfumo wa saa 24. Mtaa uandikwe kwa jina kamili pamoja na kata.

Kwa karani wa takwimu, safu za umri katika lahajedwali ziwekwe kuwa za maandishi kabla ya kuanza kuandika. Zikishageuka tarehe, kubadili muonekano baadaye hakurudishi kilichoandikwa, na njia iliyobaki ni kurudi daftarini.

Kwa mchambuzi, faili la asili lisiguswe kamwe. Kila safu ikaguliwe aina yake, idadi ya zinazokosekana na idadi ya thamani tofauti, kabla ya hesabu yoyote. Umri ulio katika mtindo wa kliniki una kanuni nyepesi ya kuandikia msimbo: unaoishia na /12, namba ya mwanzo igawanywe kwa 12, unaoishia na /52, igawanywe kwa 52, usio na mkwaju ni miaka. Na kila ripoti ieleze ni wagonjwa wangapi walioachwa nje ya hesabu na kwa sababu gani. Sentensi hiyo moja huwalinda watoto wengi.

Kwa mgonjwa na mzazi, kadi ya kliniki ya mtoto ni zana ya kisayansi. Ibebwe kila safari, kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa iliyomo ndani yake hushinda kumbukumbu na makadirio. Mtajie mhudumu mtaa unaoishi kwa jina linalojitosheleza, na ueleze kama ni asubuhi, mchana au usiku unapotaja saa. Ukiombwa kushiriki utafiti, uliza taarifa zako zitatunzwa wapi na nani atakayeziona. Hilo ni swali halali na lina haki ya kujibiwa.

Hitimisho

Zana mpya za kuandikia programu za kisayansi zimeleta faida moja kubwa kuliko zote: zimeifanya hesabu ionekane. Kilichokuwa kikitendeka ndani ya faili bila shahidi sasa kinaweza kusomwa, kurudiwa na kupingwa na mtu wa pili. Lakini hakuna kiendelezi kilichokuwapo zahanati siku ile mama alipojibu kuwa mwanawe ana miezi sita. Maana ya 6/12 inajulikana kwa mama aliyejibu, mhudumu aliyeandika na daftari lililohifadhiwa. Kazi ya kompyuta ni kuifikisha maana hiyo salama hadi mwisho wa safari, na kazi ya anayeiendesha ni kuhakikisha kuwa watoto walioingia mlangoni ndio walewale waliomo katika ripoti.